Jaketi la Tepu la Waino

Waino Lahti, mume wangu, alikuwa bahili wa kupigiwa mfano, na dawa yake ya kila kitu ilikuwa tepu ya kijivu. Kiatu kikitoboka, tepu. Ala ya kisu, tepu. Mfuko wa samaki, kamba za hema, hata kiti cha kukalia anapovua, vyote alivitengeneza kwa tepu, na wanaume wa ziwa letu wakamsifu utadhani kavumbua moto. Mimi nikiviona vitu vile nilitamani kuvitia moto.

Ya viatu ningeyameza. Ya maji, hapana. Sijui kuogelea, na Waino alilijua hilo tangu uchumba. Kila Septemba mpunga wa ziwani ukiiva, watu huingia wawili wawili mitumbwini: mmoja husimama nyuma na upondo, mwenzake hukaa na vijiti, anainamisha mashuke na kuyapiga ili punje ziangukie ndani. Mpigaji wa Waino nilikuwa mimi. Miaka nenda miaka rudi nilimwomba jaketi la kuelea, lile jekundu la dukani. Kwa nini niende majini na roho mkononi kila mwaka kwa ajili ya ubahili wa mtu?

Mwaka ule akaniletea jaketi alilolitengeneza mwenyewe. Madumu matupu ya maziwa, kayazungushia tepu mpaka yamekuwa kitu kimoja, na mikanda ya tepu ya kufungia kifuani.

"Vaa, mke wangu. Hili litakuzika."

"Ndicho ninachokiogopa."

"Una maneno wewe! Unataka nikatupe hela dukani?"

"Na mtumbwi je?"

Mtumbwi wa bati ulikuwa na ufa chini, na asubuhi ile alikuwa anaubandika tepu huku bati bado lina umande.

"Waino, kausha kwanza. Hata mtoto anajua tepu haishiki penye maji."

"Haya, nifundishe kazi, fundi!" Akacheka, akausukuma mtumbwi ziwani. Nikajifunga madumu yangu kifuani, nikapanda.

Tulipiga mpunga mpaka mtumbwi ukajaa. Tukiwa mbali na nchi kavu nikahisi maji kwenye makalio. Nikamwambia.

"Jasho lako hilo," akasema, akaendelea kusukuma upondo.

Jasho! Tepu ilibanduka kipande kizima, maji yakaingia kwa fujo, na Waino alipojaribu kuinama mtumbwi ukalala ubavu. Nikaingia majini. Nikajua nimekwisha. Halafu madumu yakaninyanyua. Nikamwona Waino si mbali. Akanitazama. Akautazama mtumbwi unavyodidimia. Kisha akageuka, akaogelea kuufuata mtumbwi.

"Waino! Nakufa, Waino!"

Hakugeuka.

Aliyenivuta ni jirani yetu Clifford, aliyekuwa akivuna hapo jirani pamoja na mkewe. Ufukweni wakanikokea moto, wakanipa blanketi na kahawa, na wavunaji wengine wakasogea. Waino akaja anauburuta mtumbwi wake, anahema, meno yote nje.

"Mmeliona jaketi? Limeelea! Nilijua huzami, mama, ndiyo maana nikakimbilia mtumbwi."

Wanaume wakaangua kicheko. Clifford akaniambia, "Mpe haki yake, shemeji. Jaketi limefanya kazi."

Hasira niliyokuwa nayo ilinipasha joto kuliko moto ule. Nikasimama na blanketi langu.

"Mtumbwi nao ulikuwa na tepu yako, Waino. Mbona huo hukuuamini kwamba hautazama?"

Kicheko kikakatika. Waino akamtazama Clifford, na Clifford akatazama moto. Mwisho Waino akainama, akaanza kukwangua punje zilizonata kwenye bati.

Siku hiyohiyo nilimwomba Clifford anipeleke kwa dada yangu mjini, na nguo zangu nikamtuma Clifford huyohuyo akazichukue kwa Waino.