Betri za Jepkorir na Treni Iliyogoma Matulo

Saa tatu asubuhi, katika kibanda kimoja nyuma ya soko la Kitale, treni yenye urefu wa mkono inakimbia bila kwenda popote. Jepkorir Kibiwott ameiegemeza juu ya matofali mawili ili magurudumu yazunguke hewani. Kando yake kuna mita ya kupimia umeme na simu inayohesabu dakika.

"Imefika wapi sasa, Moi's Bridge?" anauliza Thuo, fundi wa redio wanayegawana naye kibanda.

"Wachana na mimi, Thuo. Hii ni saa moja na dakika arobaini, na bado inaenda."

"Na huko Matulo kwa mzee?"

"Dakika ishirini. Halafu inagoma."

Thuo anacheka. Jepkorir hacheki. Ni betri ya tatu hii, na hajui alipokosea.

Jepkorir, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, hakusomea umeme. Aliacha shule kidato cha pili, akarudi kwao kwenye miteremko ya Mlima Elgon kulima viazi. Siku moja pampu ya betri waliyotumia kunyunyizia dawa shambani ilikufa, akaifungua kwa kisu cha jikoni. Ndani alikuta seli zilizopangwa kama soda kwenye kreti. Moja tu ndiyo iliyokuwa imeharibika.

"Nilishangaa. Watu wanatupa kreti nzima kwa sababu ya chupa moja," anasema.

Tangu hapo hununua betri kuukuu za kompyuta, huzipima seli moja moja, na zilizo nzima huzifunga upya kwa ajili ya pampu za dawa na tochi. Siku nzuri humwachia shilingi mia nane. Siku ya mvua, mia mbili.

Mwaka jana alimpata mteja ambaye hadi leo hamwelewi. Eliakim Khaemba, karani mstaafu wa Matulo karibu na Webuye, alifika na treni ndogo ndani ya katoni. Binti yake alikuwa amemtumia kutoka ng'ambo. Reli zake alizitandaza uani, zikazunguka nyumba, migomba na tangi la maji.

"Nilimuuliza, mzee, ulifanya kazi ya reli? Akasema hata siku moja. Nikauliza, sasa inabeba nini? Akasema haibebi kitu." Jepkorir anatikisa kichwa. "Niliogopa kuuliza la tatu."

Eliakim alieleza shida yake. Treni za aina hiyo zinaweza kuvuta umeme kutoka kwenye reli zenyewe, lakini tope la Matulo huzifunika na umeme haupiti. Alitaka betri ikae ndani ya behewa. Jepkorir akakubali. Akatenga pia droo moja ya vifaa vya treni: bisibisi za fundi saa, msasa laini, brashi za meno, na mafuta ya cherehani ndani ya sindano isiyo na ncha.

Eliakim ana wenzake wanne wenye treni uani, kati ya Bungoma mjini na Ndalu. Wote huagiza betri Nairobi. Alimwahidi Jepkorir kwamba betri yake ikimaliza saa nzima mbele yao, watahamia kwake. Kwake hilo lingemaanisha duka lenye mlango unaofungwa, badala ya kibanda anachokihama kila mvua ikinyesha.

Betri ya kwanza iligoma dakika ya ishirini na mbili. Ya pili, kumi na tisa. Mara ilizimika kwenye migomba, mara kando ya tangi. Ikipumzika, inaamka tena. Jepkorir alibadilisha seli, nyaya na chaja. Alilaumu jua, kisha baridi, kisha mikono yake mwenyewe.

"Msichana wangu, mimi nakuamini," Eliakim alimwambia kwenye simu, "lakini wenzangu wanakuja Jumamosi. Ikikataa tena, mimi nitawaambia nini?"

Siku zote Jepkorir alifika Matulo mchana. Alhamisi kabla ya Jumamosi hiyo alitoka Kitale alfajiri na treni na betri ya tatu, ili awahi kurudi kazini, akafika kabla ya saa mbili. Eliakim alikuwa bado ndani akinywa chai. Uani alikuwepo mkewe, Nasambu, ameinama na fagio, akifagia kama wafagiavyo wenye boma kila asubuhi kabla mgeni hajaonekana.

Jepkorir alisimama akimtazama. Nasambu alifagia hadi kwenye reli, akapitisha ncha ya fagio chini yake, akavuta kokoto ndogo, akazizoa kwenye karai.

"Mama, hayo mawe unapeleka wapi?"

"Kwa zizi, kuna matope. Kila siku lazima nitoe. Hii treni inachimbua mawe sana, bana."

"Inachimbua?"

"Si unaona? Kabla iletwe, hapa hakukuwa na mawe."

Jepkorir aliita. Eliakim akatoka na kikombe mkononi, akatazama karai, akamtazama mkewe.

"Nasambu! Hizo ni kokoto zangu za kushikilia reli. Kila Jumapili namwaga ndoo nzima!"

"Ati wewe ndiye unazimwaga? Wewe mzee unachafua boma, halafu unanyamaza?"

"Mimi nilidhani zinazama na mvua!"

Jepkorir alipiga magoti na kuweka pima maji juu ya reli. Palipokosa kokoto, reli zilikuwa zimebonyea, kisha zikapanda ghafla, halafu zikabonyea tena. Treni ilikuwa ikipanda vilima siku zote hizo, ikivuta mabehewa matano. Betri ilielemewa, kibao kidogo cha umeme kinachoilinda kikapata joto, kikakata umeme.

Hata hivyo hakumlaumu Nasambu. "Nilipima treni ikiwa hewani, bila mzigo. Pampu ya dawa ukiipima mezani, shambani inafanya vile vile. Nilidhani treni ni hivyo. Hilo ni kosa langu."

Walirudisha kokoto, wakazipigilia kwa mpini wa jembe. Nasambu alikataa kabisa kuacha kufagia, kwa hiyo Eliakim alipanga matofali pande zote mbili za reli ili fagio liishie hapo. Jumamosi, mbele ya wenzake, treni ilizunguka saa moja na dakika thelathini na tano. Wawili kati ya wanne wameagiza betri. Wengine wawili bado wanafikiria.

Jepkorir anataka kuanza kulipia duka hilo kabla ya mwaka kuisha. Mpaka leo hajui watu wazima wanapata nini kwa kutazama treni inayorudi ilikotoka, na haoni haja ya kujua. Anachojua ni kwamba hatafunga tena betri kabla ya kuona boma la mteja asubuhi.

Siku chache baadaye, kibandani, simu inalia. Ni mwalimu mmoja wa Ndalu, yule wa pili aliyeagiza. Anauliza ni vipimo gani amtumie: urefu wa behewa, uzito, au idadi ya mota?

"Hivyo nitapima mwenyewe, mwalimu," anasema Jepkorir, akifungua daftari. "Kwanza niambie, kwenu ni nani anafagia?"

Mwalimu anadhani hakusikia vizuri.

"Ati nini?"