Rafiki Aliyesema Hanijui Sasa Ananiita

Asalaam aleikum wasomaji, na nyinyi wa kanisani habari zenu. Mimi ni mzee wa miaka themanini na kitu, Mborana, nakaa Chechelesi hapa Isiolo. Mke wangu alishatangulia. Simu ni ya mjukuu wangu wa kike, mimi nasema na yeye anaandika. Nimemwambia asiongeze chumvi.

Wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali na Kiborana wa huku kaskazini, nilikuwa kijana, nimeajiriwa na serikali kudunga ng'ombe sindano. Kazi hiyo nilisomea pamoja na Mmeru mmoja, nimwite Mwiti ingawa si jina lake. Chuoni tulilala chumba kimoja. Nilipougua malaria yeye ndiye alinilisha uji kwa kijiko. Tulipomaliza, mimi nikapelekwa Isiolo, yeye akarudi kwao juu milimani Nyambene kulima, kwa sababu baba yake alikuwa amefariki. Tukiagana akaniambia, "Siku utapita kwetu bila kuingia, nitajua hukuwa rafiki."

Basi siku moja nikatumwa kazi huko huko kwao, mimi na dereva Mkamba. Tulidunga ng'ombe asubuhi yote. Mchana dereva akashuka na lori sokoni kutafuta petroli, mimi nikamwambia napanda kwa miguu kumsalimia rafiki yangu. Nilikuwa nimembebea mama yake sukari na majani ya chai. Huko juu baridi ilikuwa kali, ukungu umeshika mashamba ya miraa.

Sikufika mlangoni. Wanaume wa kijiji walikuwa wanalinda njia kwa mapanga na mikuki, maana watu wao walikuwa wameuawa huko chini barabarani. Waliona sura yangu tu, wakapiga kelele, "Shifta!" Nikasema mimi ni mtu wa serikali, mimi ni mgeni wa Mwiti, mwiteni. Wakanikalisha kwa matope wakamwita.

Alikuja amevaa sweta. Nilipomwona nikajua yameisha, nitakunywa chai. Nikamwambia, "Mwiti, waambie."

Akaniangalia. Mwanaume mmoja akamuuliza kwa Kimeru, na Kimeru kidogo nilikuwa nakisikia, yeye mwenyewe alinifundisha. "Unamjua huyu?"

"Simjui," akasema.

Akageuka akarudi kwake. Ile sukari waliimwaga chini wakitafuta risasi ndani.

Dereva aliporudi kuniulizia, nilikuwa nimeshakabidhiwa askari. Nilikaa ndani muda mrefu. Nilipigwa, sitasema zaidi, mjukuu anaandika. Nilipotoka, watu wetu walikuwa wamefungiwa na serikali kambini pamoja na mifugo yao, waya pande zote. Ng'ombe wa baba yangu walikufa humo kwa kukosa malisho, na baba alikuwa ameshazikwa. Sikulia. Watu walidhani ni ujasiri, kumbe hakukuwa na kitu cha kutoka. Kazi sikurudishiwa. Nikafungua kiduka, nikaoa, nikazaa, maisha yakaenda. Mwiti sikumtafuta, hata kumtukana sikumtukana. Nikipita barabara ya Meru naiona ile milima, naona ni milima tu.

Juma lililopita akaja mgeni nyumbani, Mmeru, mtu mzima mwenye mvi.

"Habari mzee. Mimi ni mtoto wa Mwiti. Baba anaumwa sana, hainuki kitandani. Anakutaja kila siku. Ametuambia tukutafute mpaka tukupate."

Nikamuuliza anaitwa nani. Akataja jina langu.

Nikafikiri hakusikia swali. "Nauliza jina lako wewe."

"Ndiyo hilo, mzee. Shuleni walinicheka sana, Mmeru mwenye jina la Kiborana. Nimepigana sana juu yake. Lakini baba alikataa kabisa libadilishwe. Anasema ni la rafiki yake mkubwa, vita viliwatenganisha."

Nikamwambia mjukuu amletee chai. Akanywa akisimulia, anacheka vile baba yake alikuwa anacheka. Hajui lolote. Mimi nilikaa nikingoja moyo wangu useme kitu, hasira au huruma. Haukusema.

"Jumapili nakuja na gari nikuchukue," akasema. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda.

Binti yangu anasema nisikanyage huko. Imamu anasema nimsamehe, mgonjwa hakataliwi. Lakini mtu husamehe akiwa na kinyongo, na mimi nikijitafuta ndani sikipati. Nikienda, nitakaa kando ya kitanda chake nimwambie nini? Na huyu anayebeba jina langu akiniuliza njiani urafiki wetu ulikuwaje, nimwambie ukweli nimwondolee baba aliye naye, au ninyamaze nimwache na jina lake? Jumapili si mbali. Nyinyi ambao mioyo yenu bado inasema, niambieni nifanye nini.