Matanga ya Viatu vya Baba

Harufu ya matawi ya mtende yaliyokatwa asubuhi, utomvu wake haujakauka, hunifanya hadi leo nivuke upande wa pili wa barabara. Wenye bustani za mtaa wa Observatory wakipunguza miti yao na kurundika matawi kando ya njia, wapita njia wengine hunusa majani tu. Mimi nanusa unga wa ngano, nta ya mshumaa, na aibu. Msicheke bado. Mahali pa kucheka pako mbele, na papo hapo ndipo mtakapojuta kucheka.

Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Bertrams, vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya zamani yenye nyufa ambazo mjusi angepita na mzigo kichwani. Mbele kulikuwa na kiwanja chenye upana wa mkeka mmoja na nusu, na geti lililolia kuliko mtoto mchanga. Baba alikuwa mlinzi wa jengo la ofisi upande wa Sandton. Aliondoka kabla ya jua na kurudi baada yake, hata nikawa nadhani hao wawili wana ugomvi. Mama alikuwa fundi cherehani. Alikodi kona ndani ya duka la vitambaa, mitaa michache kutoka nyumbani, na alishona peku, maana alisema mguu wenye kiatu hauisikilizi cherehani. Malapa yake aliyaweka chini ya meza, yamelala sambamba, ncha zimeelekea mlangoni. Nikiyasogeza kwa kucheza, aliyarudisha vilevile bila kuinua macho. Nilidhani ni unadhifu tu wa mtu ambaye hata vijiko alivipanga kwa kimo.

Wazazi wangu walitoka Uvira, huko Kongo. Mimi nilizaliwa hapahapa. Kiswahili nilikisikia kwa masikio yote mawili na kukijibu kwa Kiingereza, jambo lililomfanya Baba aseme kwamba amezaa redio ya watu wengine.

Shule yangu ilikuwa juu kule Observatory, na huko ndiko nilikojifunza Halowini, ile jioni ya mwisho wa Oktoba ambapo watoto huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakidai peremende. Miaka miwili mfululizo nilipanda mlima kwenda kudai peremende za wenzangu. Kwa kina Lerato, aliyekuwa jemadari wetu, walikuwa na mifupa ya plastiki, buibui wakubwa kama mbuzi, na mashine ya moshi iliyofuka hadi mawingu yakaona yana mshindani. Mwaka wa tatu mtoto mmoja akauliza, kwa upole tu, kwa nini hatujawahi kwenda kwa Riziki, yaani kwetu.

Lerato akanitazama. "Tutashuka kama kuna kitu cha kuona. Hatuteremki mlima wote ule kwenda kuangalia geti."

"Kutakuwa na maiti," nikasema.

Wote wakanisogelea.

"Mtaona wenyewe," nikaongeza, na hapo nikawa nimekwisha kujifunga kamba shingoni.

Siku ilipofika, nilitoka shule mbio. Kwenye barabara ya Observatory, petali za mijakaranda zimeshatandaza zambarau chini, nilikuta rundo la matawi ya mtende, marefu, yenye vidole vilivyochongoka. Nilipoyaona nikasema, hivi hasa ndivyo vidole vya mzimu. Niliyaburuta hadi nyumbani nikionekana kama kichaka kinachotembea. Nikayafunga kwenye nguzo mbili za geti, moja huku na moja kule, yakainama barabarani.

Kisha maiti. Mama alikuwa na sanamu la zamani la kupimia nguo, halina kichwa wala miguu, ila lina kifua cha kuheshimika. Nililaza ubao juu ya kreti mbili, nikalilaza sanamu juu yake, nikalifunika kitambaa cheupe kilichobaki kwenye majoho ya kwaya. Lakini maiti bila miguu haimtishi mtu. Basi nikaingia chumbani nikatoa viatu vya Baba.

Viatu hivyo vinahitaji aya yao. Vilikuwa rangi ya divai, ngozi ya kung'aa, na ncha ndefu kiasi kwamba Jumapili Baba akiingia kanisani, viatu vilikuwa vimeshakaa kwenye benchi vikimsubiri. Kanisa zima la Wakongomani liliyajua mambo mawili kwa hakika: kwamba Mungu yupo, na kwamba viatu vile ni vya Baba Riziki. Nilijaza magazeti ndani ya soksi, nikazivalisha viatu hivyo, vikachungulia nje ya kitambaa, ncha juu.

Nikaweka mishumaa tuliyotunza kwa siku za umeme kukatika. Nikachonga boga la Mama la Jumapili, likatoka na sura ya mjomba anayeumwa jino. Mwisho, kwa kuwa nilifunzwa kwamba mgeni hasimami, nikatoa viti vyote vya ndani na kuvipanga ukutani.

Wasomaji wangu mliotoka kwetu, najua tayari mmeshika vichwa. Kwa wengine nitaeleza, kama nilivyokuja kuelezwa mimi. Kwetu, matawi ya mtende yakisimamishwa barabarani mbele ya nyumba, hakuna haja ya tangazo. Ndani kuna matanga. Mpita njia hupunguza sauti, huvua kofia, huingia. Mimi sikujua. Nilikuwa nimepamba geti letu kwa alama hiyo bila kukosea hata tawi, na ndani nikaweka maiti, mishumaa na viti vya waombolezaji.

Nilikuwa ndani najipaka unga wa ngano usoni, bakuli la peremende tayari mezani, niliposikia geti likilia. Nikajua ni Lerato. Nikatoka nimenyoosha mikono, nikaguna kama mzimu.

Alikuwa Mama Neema, msusi, mwenye sauti ambayo kwaya iliiweka safu ya nyuma ili safu ya mbele ising'oke nywele. Alikuwa akitazama viatu. Kisha akanitazama mimi, mtoto mweupe kwa unga, na uso wake ukabomoka. Akanivuta kifuani.

"Mama yako anajua?"

"Hapana," nikajibu, nikiona anaingia vizuri kwenye mchezo. "Nataka akute mwenyewe."

"Yee, Mungu wangu, na mtoto yuko peke yake." Akafungua mdomo, na Bertrams yote ikasikia. "Baba Riziki weee! Umetuacha na viatu vyako!"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anamlilia Baba kweli. Nilitaka kusema ni mchezo. Neno hilo nililijua tangu nikiwa na meno mawili, lakini jioni ile Kiswahili chote kilinitoroka, nikabaki nalia kwa Kiingereza ndani ya kifua cha Mama Neema kwamba si kweli, si kweli.

"Anasema nini?" akauliza mwanamke aliyekuja nyuma yake.

"Anasema si kweli."

"Masikini. Wote husema hivyo."

Sijui walitokea wapi. Leo hii ukiwaita watu waje kwenye sherehe utasubiri hadi wali uote. Siku ile sikuwa nimemaliza kulia na kiwanja kilikuwa kimejaa. Wanawake walifika wakijifunga vitenge viunoni. Mteja wa Mama Neema alikuja na nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, akalia kwa pande zote mbili. Mwenye duka la simu alifunga duka. Mtu alileta sufuria ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, bado inachemka, na mwingine akawa anauliza kwa sauti ya chini kama mwili utasafirishwa au utazikwa hapa. Hakuna aliyefunua kitambaa. Heshima ndiyo iliyoniponza. Wangekuwa na utundu kidogo, yangekwisha palepale.

Mama Neema alimpigia Mama simu. Hakumwambia. Kwetu mtu haambiwi kifo kwenye simu. Huambiwa, "Rudi nyumbani, dada," basi.

Na Mama hakuuliza kwa nini.

Nilimwona akikunja kona. Mama yangu, aliyetembea taratibu hata mvua ikimnyeshea, alikuwa akikimbia katikati ya barabara, futi ya kupimia inapeperuka shingoni, miguu mitupu juu ya lami na vigae vya chupa. Akayaona matawi. Akaviona viatu. Alipita katikati ya watu kama hawapo, akaanguka juu ya ule ubao, akakumbatia.

Mikono yake ililijua sanamu kabla ya macho. Miaka mingapi ameligusa kila siku? Niliona mgongo wake ukikakamaa. Kiganja kikapapasa kifua, kikafika shingoni palipo na kifuniko cha mbao, kikasimama. Akafunua kitambaa. Mama Neema akaziba mdomo kwa kitenge chake.

Ndipo nyuma yetu watu wakaanza kupiga makofi.

Walikuwa kina Lerato, wamejaa getini kati ya matawi, na vinyago vyao na vindoo vyao vya plastiki. Walikuwa wameona yote, tangu Mama alipokunja kona. Walipiga makofi, wakapiga miluzi. Lerato akavua kinyago ili anione vizuri.

"Eish, Riziki," akasema, macho yamemtoka kwa heshima. "Kwetu hatuna hata waigizaji. Yule mama ni nani? Ni mkali."

Nimeishi miaka mingi tangu hapo. Nimefeli hesabu mbele ya darasa zima la shule ya jioni, watu wazima wenye vitambi wakinionea huruma. Nimeanguka kwenye ngazi za kanisa siku ya harusi yangu. Yote hayo, ukiyaweka kwenye mzani, hayafiki uzito wa swali lile. Kwa sababu jibu lilikuwa fupi, na sikulitoa. Nilitazama chini. Unga ulikuwa unadondoka vipande usoni kama rangi ya ukuta wetu.

Mama alisimama. Alijifuta uso kwa ncha ya futi ya kupimia. Akanitazama mara moja tu, kisha akawatazama wale watoto, vindoo vyao vimenyooshwa mbele, wanasubiri. Akaingia ndani. Nilidhani anafuata fimbo, na wallahi ningeipokea kwa mikono miwili. Alirudi na bakuli la peremende. Akapita kwa kila mtoto, mmoja mmoja, akiacha alama ya damu ya mguu kwenye saruji, akaweka peremende katika kila kindoo, akimwambia kila mmoja yale ambayo mfiwa humwambia mgeni.

"Asante kwa kufika."

Walishukuru, wakaondoka wakisema kwetu ndiko kulikoshinda. Ndicho nilichokuwa nimekitaka kuliko vyote duniani.

Sasa, mahali pa kucheka. Baba alirudi jua limeshazama, na kikopo chake cha chakula mkononi. Akayaona matawi, akavua kofia, akaingia kwa adabu huku ameinamisha kichwa, akamshika mkono mtu wa kwanza aliyemkuta.

"Poleni sana. Nani amefariki?"

"Wewe," akasema Mama Neema.

Mteja mwenye nusu ya nywele alikimbia. Wengine walicheka hadi wakakaa chini, na kwa kuwa sombe ilikuwepo na viti vilikuwepo, hakuna aliyeondoka. Baba alisimulia kifo chake mara kadhaa kabla ya sahani kuisha, akiongeza chumvi kila mara. Sasa mnajua mimi nilirithi kwa nani. Boga nalo lilipikwa Jumapili. Tulikula ule uso wote, pamoja na jino lake bovu.

Lakini Mama hakucheka. Alikaa kitandani, mguu ndani ya beseni. Baba aliingia, akapiga magoti na suruali yake ya kazi, akaanza kukitoa kigae cha chupa kwa pini ya ushonaji. Nilikuwa mlangoni. Mama aliweka mkono juu ya kichwa cha Baba, akaupitisha hadi shingoni, akaurudisha, akaupitisha tena, kama mtu anayepima kitambaa asichoamini urefu wake.

Kesho yake alinituma dukani nikamletee malapa yake. Niliyakuta chini ya cherehani pale pale, yamelala sambamba, ncha zimeelekea mlangoni. Niliyabeba, nikafurahi kwamba hakunichapa, nikasahau.

Nilikuja kuyakumbuka nilipokuwa mtu mzima, nimeolewa na mtu anayefanya kazi mbali, katika mji huu ambao mtu huondoka asubuhi akiwa mzima, na jina lake kuwa geni tu hutosha asirudi jioni. Usiku mmoja nilijikuta nikiweka viatu vyangu kando ya kitanda, ncha zimeelekea mlangoni, na nikakaa muda mrefu nikivitazama. Ndipo nilipojua kwa nini Mama hakuuliza kwenye simu. Alikuwa akiisubiri simu ile kila siku tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, hata namna ya kuweka malapa ili ayavae asichelewe. Na ilipokuja, ile niliyoitengeneza mimi kwa mikono yangu ili watoto waje kunitazama, alitoka peku.