Poka kwa Kinyozi

Mama yangu alizikwa Jumamosi, na saa jeneza lake linashushwa mimi nilikuwa Durban, nimekaa kwa kinyozi, nacheka, natazama Wamarekani wakicheza poka, ile kamari ya karata, kwenye televisheni. Mimi ni kitindamimba wake. Siku naondoka nyumbani nilimwahidi kwamba nitakuja kumzika, popote nitakapokuwa. Nimejaribu miaka mingi kulisema hili kwa upole, nimeshindwa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kinyozi wetu, Mkongo, ndiye aliyekuwa na dishi la setilaiti, na wengi tulikwenda kwake kwa ajili ya dishi kuliko nywele. Wikiendi mchana walirusha mashindano makubwa ya poka, yamesharekodiwa zamani, sisi hatukujali. Siku hizo kamera haikuonyesha karata alizofunika mchezaji. Ulibaki na uso wake tu: miwani myeusi, taya linalotafuna, kidole kinachogonga meza. Tulikaa pale wanaume wazima sita au saba, tunabishana nani anazuga na nani anazo kweli. Mimi nilijiona bingwa wa kusoma nyuso. Nikikosea, nilikana.

Kaka yangu hakuupenda mchezo ule. Alikuwa mpishi kwenye nyumba moja kule Morningside, na Jumamosi mchana, akitoka kazini, alilala. Jumamosi ile akaja, akakaa karibu yangu, akaninunulia soda. Ilinipasa nishtuke hapo hapo, maana kaka yangu ni mkono wa birika.

"Huyo mwenye kofia anazuga," akasema.

"Hazugi, kaka. Huoni alivyotulia?"

"Ule iko na karata ya muzuri," kinyozi akadakia, mkasi mkononi. "Eish, angalia macho yake."

Mwenye kofia akasukuma dau lake lote katikati ya meza. Karata zilipofunuliwa, hakuwa na kitu. Kaka akacheka mpaka akafuta machozi. Nikamwambia amebahatisha.

Jumapili, baada ya ibada, wakaja chumbani kwetu wanaume watatu wa kwetu Mbeya, watu wazima, wote wafanyakazi wa bandarini. Hawakunitania kama kawaida yao. Mmoja akaniuliza kama nimekula. Kwetu habari ya msiba haipelekwi na mtu mmoja. Husubiri watu wakusanyike, ule kwanza, ukalishwe katikati yao, ndipo uambiwe. Desturi hiyo niliipenda mpaka siku ile.

"Ni mama," nikasema.

Mkubwa wao akaitikia kwa kichwa. Sikulia. Nikainuka kutafuta begi, nikasema basi la Johannesburg lipo kesho alfajiri, tukibahatika tutafika Tunduma Alhamisi. Wote watatu walikuwa wanamtazama kaka.

"Kaa," kaka akasema. "Ameshazikwa. Jana."

Kumbe baba mdogo alipiga simu Morningside tangu Alhamisi. Aliuliza kama watusubiri mpaka wiki ijayo, maana mwili ungeweza kukaa hospitali. Kaka akamjibu wazike tu, hatuji.

"Karatasi zetu ni za kuomba hifadhi," akaniambia. "Ukivuka mpaka nazo, hurudi tena. Na wewe ningekwambia, ungekwenda."

"Ningekwenda."

"Ndiyo maana, mdogo wangu."

Siku tatu alikuwa nalo moyoni. Alikula nami sahani moja, alilala kitanda cha pili, aliniuliza habari za kazi. Na kwa kinyozi, akasema, alikuja kwa sababu saa nane ndiyo saa waliyopanga kumshusha mama, na hakutaka saa hiyo inipite nikiwa peke yangu. Nilitaka kumpiga. Namshukuru yule mzee wa bandarini aliyenishika mkono, maana ningempiga kweli.

Halafu kaka akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mbele ya wageni, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata tulipomzika baba. Wenzetu wakamzunguka, wakamfariji, mmoja akalia naye. Mimi nikabaki nimekaa na begi langu magotini, namtazama machozi, namtazama pua, namtazama mabega yanavyotikisika. Sikumwamini. Na mpaka leo, kila akilia mbele yangu, simwamini.