Injini ya Tatu

Fundi huyu wa injini za boti aliitwa Spana, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alilipata siku alipomrushia spana mteja aliyethubutu kumfundisha kazi. Spana ilimkosa mteja, jina likamganda mwanamke wa watu mpaka leo.

Karakana ilikuwa ya marehemu baba yake: banda la mabati, sakafu imelowa oili, mnyororo wa kunyanyulia injini unaning'inia katikati, na mlango mpana unaoteremka hadi majini. Humo alifanya kazi na mdogo wake wa kiume, dereva wa boti za mashindano, ambaye mama yao alimwita Kipenzi mbele za watu bila hata kuona haya. Dada na kaka hawa hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Tangu baba afariki ndiyo kabisa, walizungumza kazi tu, tena kwa kufokeana.

Safari hii waligombania boti ya mwisho aliyoijenga baba yao, nyembamba, ya faiba, ambayo alifariki kabla ya kuifungia injini. Swali lilikuwa moja: mbili au tatu?

"Tatu," alisema Kipenzi. "Yule jirani wa ng'ambo ana tatu, na kila mashindano natazama mgongo wake. Halafu moja ikizima, zinabaki mbili za kunirudisha nyumbani."

"Jirani ana boti pana. Hii yetu nyuma ni kiuno cha nyigu. Ukiongeza ya tatu, inakalia mkia. Itachelewa kunyanyuka, na hiyo nguvu unayoililia itaishia kujibeba yenyewe. Mbili zinatosha, bwana."

"Unasema mbili kwa sababu mimi nimesema tatu."

Kusema kweli, hapo hakukosea sana. Spana alikuwa na hoja, lakini alikuwa na kinyongo pia, na vyote viwili vilitokea mdomo mmoja.

Mama yao, mwenye boti, akaitwa kuamua. Injini hakuzijua hata kidogo, ila wanawe aliwajua. "Mpe mwenzako anachotaka," alimwambia Spana. "Yeye ndiye anayeendesha."

Roho ilimuuma Spana, ikamuuma kwelikweli. "Haya. Anataka tatu? Atazipata."

Asije mtu akasema alifanya hujuma. Alizifunga kama anavyojua, kila boliti imekazwa, na ile ya kati akaishusha kidogo ili propela yake ishike maji vizuri. Lakini walipoiteremsha boti majini, aliona ikikaa chini kwa nyuma, maji yakiramba ukingo palipofungwa injini. Akajua hapohapo. Ikiwa mbioni haina neno. Ukikata moto ghafla katikati ya mwendo, wimbi lake lenyewe litaifuata, lipande kwa nyuma na kuingia ndani. Na Kipenzi, kwa kupenda sifa, alikuwa na tabia ya kukata moto ghafla mbele ya watazamaji.

Neno moja lingetosha. Spana akalimeza. Acha azame mbele za watu, alijisemea, aogelee mpaka nchi kavu akiwa amefunga bakuli lake. Kuogelea Kipenzi alikuwa samaki.

Baba yao aliacha sheria moja: aliyefunga injini ndiye anayepanda safari ya kwanza, akae nyuma azisikilize. Spana alishavaa jaketi la kuelea. Alikuwa radhi kulowa yeye, mradi amwone mdogo wake akilowa.

"Wewe hupandi," Kipenzi akamkata. "Sitaki mtu aliyenuna mgongoni kwangu. Atapanda mama. Boti ya mume wake hii."

Mama akapanda, viatu mkononi, anacheka kama msichana. Jaketi alilikataa, eti litamkunjia nguo. Mwanamke huyu hakujua kuogelea kabisa. Akaketi benchi la nyuma, karibu na injini. Kipenzi akaziwasha zote tatu. Kamba ya kufungia boti bado ilikuwa mikononi mwa Spana.

"Zima!" alipiga kelele.

"Umeanza tena?"

"Mshushe mama! Ukikata moto ghafla maji yanaingia kwa nyuma, boti inazama!"

"Wivu huo, dada."

"Tazama nyuma, we mpumbavu! Tazama maji yalipofika!"

Kipenzi akatazama. Akazima.

Mama hakumtazama Kipenzi. "Hili umelijua tangu lini?"

"Tangu tulipoiteremsha."

"Na kama mimi ningebaki nchi kavu, ungemwambia?"

Spana aliivuta kamba, boti ikasogea. Alimnyooshea mama mkono amsaidie kushuka. Mama akaupita, akashika ukuta.

Injini ya kati Spana aliitoa peke yake, hakuna aliyemshikia hata taa. Siku ya kujaribu zile mbili alivaa jaketi lake, akaiendea boti. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Wewe baki," alisema, wala hakufoka. "Tumeshapata mtu wa kusikiliza."

Ndani ya boti alishaketi fundi wa kukodi, benchi la nyuma. Kipenzi akaondoka. Boti ikanyanyuka upesi, nyepesi, vilevile Spana alivyosema itanyanyuka. Alisimama na jaketi lake kifuani akisubiri mtu ageuke amwambie hivyo, lakini mama akaufunga mlango wa majini mbele yake.