Zamu ya Suruali ya Mgeni

Wifi yangu ni fundi cherehani, na hawezi kuona kitu kimechanika akanyamaza. Siku tulipokimbia vita, watu walibeba magodoro na masufuria. Yeye alibeba sindano na uzi, na kila tulipopumzika akawashonea watu mifuko yao. Tukambandika jina Kiraka.

Tuliporudi, kanisa likatupa chumba na cherehani moja. Tulikuwa wanawake wanane: mmoja anashona, saba tunasengenya. Mimi nina watoto watatu na nilipata zamu moja tu kwa wiki. Kisha tukasikia mgeni anakuja kutoka kanisa rafiki la ng'ambo, na akiona tuna shida kweli, tutapata cherehani nne zaidi. Katekista akatuonya tusijipambe. Pazia lililochanika libaki hivyo hivyo, turubai la dirishani nalo lisiguswe.

Kwa Kiraka, katekista alikuwa anampigia mbuzi gitaa. Mgeni alipofika, pazia lina marinda, turubai lina viraka vya maua, na sisi tumevaa sare zenye kola zilizonyooka. Hata soksi za katekista zilikuwa zimeshonwa. Sijui alimvua lini.

Mgeni akatazama kote, akatupongeza kwamba tumeshajitegemea, na kwamba msaada utaenda kwa wenye shida zaidi. Nilitamani kumnyonga wifi yangu kwa tepu yake ya kupimia.

Mgeni alipoinuka kuaga, msumari wa benchi ukamng'ang'ania. Suruali ikapasuka kutoka mfukoni hadi gotini. Tukageukia ukuta, tumeuma midomo. Kiraka akampa kitenge ajifunge, akaichukua suruali, akaiweka mwisho wa foleni. Katekista akamsihi aishone haraka kwa mkono. Akakataa katakata: mshono wa mkono kwenye suruali ya mgeni ni aibu ya kanisa zima, na kuruka foleni ni dhambi.

Basi mgeni akakaa na kitenge chake. Zikapita sare za shule, zikapita shuka za zahanati. Jua likahama dirisha.

"Mama, huwa mnasubiri hivi kila siku?" akauliza.

"Hapana, baba," Kiraka akamjibu. "Leo foleni ni fupi. Wenzetu wawili wanaumwa."

Mgeni akaomba daftari lake. Nikachungulia begani kwake: kwenye mstari wa cherehani zetu akaikata ile nne, akaandika saba.