Mama Bridgit Ndani ya Filamu ya Clifford

Watu wa Busia watakuambia kwamba mimi, Wilkister muuza omena, ndiye niliyemwaga siri ya Mama Bridgit. Waache waseme. Mdomo ninao, na nimeutumia vibaya mara nyingi, lakini jambo hilo sikumwambia hata mume wangu, na mume wangu humwambia hadi ndoto zangu.

Mimi ni wa upande wa Kenya. Kila asubuhi navuka na beseni langu la omena, naweka meza mtaa wa Sofia, upande wa Uganda, ubavuni mwa jiko la Mama Bridgit. Jina lake la kuzaliwa ni Asekenye. Alikuwa mwembamba, si mtu wa maneno, na chapati zake ziliwafanya madereva wa malori waliokuwa wakingoja karatasi za forodha wavuke barabara na njaa zao bila kuuliza bei. Alisema yeye ni Mteso wa Osukuru. Alisema mume wake aligongwa na lori kabla Bridgit hajazaliwa, akazikwa huko huko Osukuru. Kila mwaka kabla ya Pasaka, mama na binti walifunga safari, wakapalilia kaburi na kuweka maua ya njiani juu yake. Bridgit alikuwa akirudi na matope kwenye viatu, ametulia, kama mtoto aliyetoka kumsalimia babake.

Siku moja tairi la lori lilipasuka pale barabarani. Sisi sote tulishtuka, kisha tukaanza kucheka, unajua vile watu hujicheka. Nilipogeuka, jiko la Mama Bridgit halikuwa na mtu na chapati ilikuwa inaungua. Nilimkuta chini ya meza yangu. Alikuwa ameuma kitambaa cha aproni asipige kelele, na mkojo ulikuwa umemtoka. Niliketi naye chini pale, nikashusha leso mbele ya meza ili watu wasimwone, na hapo ndipo aliponiambia.

Hakuwa wa Osukuru. Alitoka mbali, Teso ya juu, kijiji ambacho waasi walikipitia na kukimaliza. Walimchukua akiwa msichana mdogo. Mtu aliyemuua mamake mbele ya macho yake ndiye aliyemfanya mke jioni ile ile, na ndiye baba wa Bridgit. Alitoroka akiwa mja mzito, akatembea mpaka akafika mahali ambapo hakuna aliyemjua. Na lile kaburi? Alilikuta kwenye boma lililohamwa, msalaba wake hauna jina, akaona litafaa. Mtoto alikuwa anaulizia baba.

"Mama Brayo," akaniambia, kwa jina la mwanangu, "hii mtoto yangu asijue. Akijua, mimi nimekufa."

Nikamwapia. Na nilishika kiapo hicho, Mungu ananiona.

Kuna kitu kimoja tu ambacho hakuweza kukificha, ila watu hawakujua wanachokiona. Mama Bridgit alimpenda binti yake vibaya sana. Angelala njaa Bridgit ale. Lakini hakuwa anamtazama usoni. Alipomsuka nywele alimkalisha mbele yake, amempa mgongo, na hapo kichwani alimpapasa, akamwimbia, akampaka mafuta shingoni kama kachanga. Bridgit akigeuka kusema neno, mama hutafuta kitana chini. Nyumbani kwao hapakuwa na picha hata moja ya msichana. Bridgit mwenyewe, mrembo, mcheshi, macho makubwa yaliyoachana, alikuwa akitania, "Mama yangu ananijua kisogo tu. Nikipotea sokoni atawageuza wasichana wote." Tulicheka sana. Mimi nilicheka nikiangalia pembeni.

Basi Bridgit akapata mchumba. Arnold, kijana wa Kisamia, fundi wa simu, mpole, shati limepigwa pasi. Shangazi yake Arnold, Taaka, mama mwenye sauti ya kanisani na jicho la polisi, ndiye aliyetakiwa kuja kuuliza mambo ya ukoo. Wasamia hawachezi na hilo. Lazima wajue baba wa msichana ni nani na ukoo wake upi, watu wasije wakaoa damu yao. Mama Bridgit alikuwa ameshatafuta ukoo wa Kiteso wa kusema. Alikuwa akiurudia kimoyomoyo akikanda unga, nikimwona midomo inacheza. Bridgit naye alitaka kumpeleka Arnold Osukuru kabla ya siku hiyo, akamwonyeshe kaburi la mkwe.

Sasa nimlete Clifford. Nyuma ya majiko yetu, ukuta mmoja wa mabati katikati, kuna kibanda cha video, na Clifford ndiye vijei wa pale. Yaani filamu inakuja na lugha yake huko ilikotoka, yeye anakaa na maikrofoni, anapunguza sauti ya wenyewe na kuwaelezea watu kwa Kiswahili. Ukimsikia utadhani anajua lugha zote za dunia. Hajui. Akishindwa anatunga, na akitunga anawapa watu wa ndani ya filamu majina ya majirani. Mwenyekiti wa mtaa aliwahi kuwa jenerali, akatembea wiki nzima kifua mbele. Bwire wa buchari aliuawa na Wachina kwa mateke, akamletea Clifford maini ya shukrani. Watu walikuwa wakimwomba: niingize, bwana, hata kama nitakufa mwanzoni.

Clifford alimpenda Mama Bridgit. Alipokuwa na malaria, mama huyo alimpelekea chai na chapati mpaka kitandani. Kwa hiyo aliposikia habari za uchumba akaja jikoni, akasema, "Mama, Jumapili mi naingiza wewe kwa filamu. Zawadi ya harusi." Mama Bridgit akacheka, akamfukuza kwa mwiko.

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, kibanda kilijaa. Bridgit na Arnold walikaa benchi la mbele, mkono ndani ya mkono. Mama Bridgit hakuwa mtu wa kuingia mle, lakini kulikuwa na oda ya chapati, na nilimsindikiza kwa ajili ya kuona atakavyoitwa. Tulisimama mlangoni yeye na beseni lake.

Filamu ilikuwa ya nchi moja ya baridi, lugha ambayo haikuwa hata Kiingereza. Mwanamke mnyamavu anakanda mikate dukani. Clifford akapata pa kuanzia. "Huyu si Mama Bridgit wetu wa chapati! Angalia mikono hiyo!" Kibanda kikalipuka kwa kicheko. Bridgit alipiga makofi, akageuka kumtafuta mamake mlangoni. Mama Bridgit alitabasamu kidogo. Nakumbuka tabasamu hilo kwa sababu sijaliona tena.

Kisha mlango wa duka ukafunguliwa kule kwenye filamu, akaingia mwanamume wa makamo, na yule mwanamke akaangusha sinia. Picha ikarudi nyuma: vita, moshi, askari, mwanamke yule yule akiwa msichana, halafu na tumbo. Clifford hakujua kinachosemwa. Akafanya anachofanya kila Jumapili.

"Ee! Mama Bridgit kumbe iko na mambo! Huyu ni bwana yake ya zamani, kamanda wa msituni, ile ya bunduki! Sasa Mama, hii tumbo ni ya nani? Wewe unatudanganya eti mtu wa Osukuru, kumbe Bridgit ni ya kamanda! Arnold, sebo, bwana wangu, mahari ya kamanda iko bei!"

Watu walijikunja kwa kicheko. Arnold alicheka. Bridgit alicheka mpaka akaegemea bega lake.

Beseni lilianguka. Mama Bridgit hakumtazama Clifford. Alinigeukia mimi.

"Mama Brayo. Wewe ndiyo umewaambia."

"Si mimi, Mama Bridgit! Walahi si mimi, anafanya mchezo..." Nilimshika mkono, nikamvuta nje. Alinisukuma kifuani, nikagonga bati. Akaingia katikati ya mabenchi, mwanga wa filamu unampiga usoni.

"Mnacheka? Chekeni! Nani alikwambia nilipenda? Alikata mama yangu kwa panga mimi naona. Damu haijakauka, akaniita bibi yake. Ndiyo, Bridgit ni ya huyo mtu! Sura ni yake, macho ni yake, hata meno! Kila asubuhi naamka, huyo mtu iko kwa nyumba yangu, ananiomba chai!"

Wapo waliocheka bado, wakidhani ni sehemu ya burudani. Wakanyamaza mmoja mmoja. Filamu iliendelea kusema lugha yake peke yake. Clifford alikuwa ameshika maikrofoni bila kukumbuka kuizima, kwa hiyo sote tulimsikia vizuri alipojibu, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chombo.

"Mama, mi nilikuwa nachekesha tu."

Mama Bridgit alisimama pale akielewa. Nilimwona akielewa, na sitaki kuona kitu kama hicho tena. Siri aliyoibeba tangu msituni ilikuwa salama mpaka dakika ile, na aliyeitoa ni yeye mwenyewe. Kisha akamtazama Bridgit, akakumbuka aliyoyasema mwisho, kuhusu sura. Arnold alikuwa ameuondoa mkono wake, ameuweka kwenye goti lake mwenyewe.

Taaka hakuja tena. Alituma neno kwamba wao hawana ugomvi na mtu, ila msichana asiye na ukoo hawawezi, na damu ya watu wa panga hawaitaki katika boma lao. Arnold akahamia kibanda cha simu cha Malaba. Wanaume hao wa shati la pasi, niwaseme mimi?

Na Clifford? Usidhani aliona aibu. Aliona aibu siku moja. Siku ya pili watu walikuja kuomba filamu ile ile, wengine kutoka Tiira na vumbi la mashimo ya dhahabu bado miguuni, wanataka kumwona "yule mama". Akaiweka tena, na safari hii hakuhitaji kutunga. Aliongeza panga, akaongeza damu isiyokauka, akaongeza kilio cha mama mzazi kwa sauti nyembamba. Sisi tulikuwa upande wa pili wa bati, tunauza. Nilikwenda nikamfokea kwamba hayo ni maisha ya mtu. Akanijibu, "Mama Brayo, mi nafanya nini? Watu wanaitaka." Kisha akaomba chapati za mapumziko. Mama Bridgit alizipika. Na mimi hakunisemesha, ingawa alijua sasa kwamba sikusema. Nadhani nilikuwa nimemwona mno.

Bridgit alikaa ndani wiki hiyo yote. Jumamosi alitoka na kitana na mafuta, nywele amezifumua, na mkoba mdogo begani. Niliangalia omena zangu lakini masikio yalikuwa kwao.

"Mama, lile kaburi ni la nani?"

"Sijui."

"Miaka yote nililia juu ya nani?"

"Sijui, mama."

Bridgit akakaa kwenye kigoda, lakini hakumpa mgongo. Alikaa uso kwa uso, magoti yao yanagusana. "Leo nisuke hivi," akasema. "Niangalie."

Nyuma ya bati Clifford alikuwa amefika kwenye panga. Mama Bridgit alijaribu. Hilo nashuhudia popote nitakapoulizwa, alijaribu. Aliinua macho toka kwenye mikono ya binti yake, akapanda shingoni, akafika kidevuni, akafika mdomoni. Bridgit alimngoja, hakupepesa. Mama akayafikia macho, akatoa sauti ndogo, ile ile niliyoisikia chini ya meza yangu, na aproni ikaenda mdomoni.

Kisha, kwa upole sana, akamshika Bridgit mabega yote mawili na kumgeuza.

Akamsuka. Alimsuka vizuri kuliko siku zote, mistari myembamba iliyonyooka, akampaka mafuta shingoni, akamwimbia. Bridgit alimwacha amalize. Mama alipomaliza, Bridgit alisimama, akarekebisha mkoba begani, akashika njia ya geti la Kenya bila kugeuka.

Mama yake akainuka, akatoka barabarani katikati ya malori, akamtazama. Alimtazama kwa macho makavu, bila kupepesa, mpaka kile kichwa kilichosukwa kikapotea getini.